Mudrick wa Bungu Alivyofunga Nyaya Nne Zikawa Njia Moja

Enyi mliokaa vibarazani na mliosimama kwenye foleni, enyi mnaokuna nazi na mnaopepeta ufuta, nyamazeni. Zimeni redio. Mpeni mtoto biskuti, au lolote litakalomziba mdomo. Ninaleta habari kubwa, na habari kubwa haitaki kelele nyuma yake.

Baada ya kumtaja Mola, aliyeupasua mto Rufiji ukawa matawi mengi kabla haujaonja chumvi, namtaja mja wake mmoja aliyefanya kinyume, akachukua njia nyingi akazifanya moja. Jina lake ni Mudrick, mzaliwa wa Bungu, simba wa koleo, mwenye mkanda wa bisibisi, mpanda ngazi asiyetazama chini kwa sababu akitazama chini anapata kizunguzungu. Wako walioteka miji. Wako waliovuka majangwa. Huyu aliunganisha ofisi na ghala, hapo Kibiti, na katikati palikuwa na uwanja ambao kuku huuvuka bila hata kufikiria.

Najua mnachosema moyoni. Mtu kafunga waya, nasi tumpigie ngoma? Mpigieni. Kwani mara ngapi mmempigia vigelegele mtu aliyekuja kuzindua bomba lisilotoa maji?

Sikilizeni basi hali ya ufalme ilivyokuwa.

Chama cha Msingi Umoja wa Mtoni kina majengo mawili yanayotazamana kama wake wenza. Upande mmoja ofisi, upande wa pili ghala la ufuta na ukumbi wa mnada. Kati yao uwanja wa vumbi, ambao mvua ikinyesha huwa uwanja wa tope, na juu ya uwanja huo, ndani ya bomba la plastiki lililofungwa kwenye nguzo, ulipita waya wa mtandao. Mmoja tu. Huku na huku waya huo uliingia kwenye swichi, kisanduku cha chuma chenye matundu mengi na vitaa vya kijani. Kazi ya swichi ni kupokea habari kwa tundu moja na kuifikisha kwa anayehusika, bila kuongeza na bila kupunguza, kazi ambayo wajumbe wa bodi yetu hawajawahi kuiweza tangu chama kisajiliwe.

Katika waya ule mmoja zilipita bei za wanunuzi kutoka ofisini kwenda kwenye skrini ya ukumbini. Ulipita uzito wa magunia kutoka mizani ya ghalani. Zilipita picha za kamera zinazolinda magunia yasitembee yenyewe. Na zilipita mechi za mpira alizokuwa akitazama Katibu Kheri kwenye kompyuta aliyojiwekea ghalani, ambako aliaga kwamba anakwenda kuhakiki mzigo. Waya ukabeba, ukabeba, na siku ya mnada ukashindwa.

Mnada uliopita wote tuliuona. Wakulima wa Mtunda na Ruaruke walijaa ukumbini, macho kwenye skrini, na bei ikaanza kupanda. Kisha ikasimama. Ikasimama mahali pa aibu, bei ambayo mtu hawezi kuitaja mbele ya mkewe. Sisi tukadhani ndiyo ya mwisho. Tukapiga kelele, "Hatuuzi! Hatuuzi!" Kumbe kule ofisini bei ilikuwa imepanda vizuri tu, ila ilipandia hukohuko. Wanunuzi waliposikia wakulima wamekataa, wakafunga kompyuta zao wakaenda. Ufuta ukalala ghalani, panya wakapata neema.

Hapo ndipo alipoinuka Mzee Tamimu wa Ruaruke, mrefu kama mlingoti, mwenye bakora na sauti ya kuitia ng'ambo ya mto.

"Enyi viongozi!" alisema. "Skrini hii imekufa au imesinzia? Kama imekufa, izikwe. Kama imesinzia, iamsheni. Nasema mbele ya umma huu: ikisimama tena siku ya mnada ujao, Ruaruke hatuleti hata kibaba. Tutawauzia walanguzi barabarani, nanyi mbaki na ghala lenu mcheze bao."

Maneno hayo yaliitisha bodi. Wakaitana kikao ukumbini, wakulima tukiruhusiwa kusikiliza. Kikaongozwa na Mwenyekiti, Bi Mwanahalima, mwanamke wa miraba minne ambaye akikohoa watu hukaa sawa. Kikaletewa chai na Sikudhani, mpika chai wa chama, ambaye hana kura katika kikao lakini hakuna kikao kilichowahi kumzuia kusema.

Katibu Kheri alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa kalamu tatu mfukoni, ishara ya elimu.

"Bi Mwenyekiti, wajumbe watukufu," alisema, "nimelichunguza jambo hili kwa kina. Bei inakwama kwa sababu skrini ni ndogo. Bei ni kubwa, skrini ni ndogo, itapita wapi? Napendekeza tununue skrini kubwa zaidi."

Wajumbe wakatikisa vichwa kuafiki. Nami niliyaona hayo kwa macho yangu, siyo ya kusimuliwa.

Ndipo Mudrick akasimama. Tumbo mbele, mkanda wa zana ukining'inia na kugongana kama njuga za mganga. Huyu kabla ya kuajiriwa na chama alikuwa na meza ya kubandika vioo vya simu pale Bungu mabasi yanaposimama. Alipopewa ufunguo wa kabati la mtandao akaanza kujiita Injinia, na amejiita hivyo kwa bidii mpaka masikio yetu yamechoka kupinga.

"Bi Mwenyekiti," alinguruma, "adui yetu si skrini. Adui yetu ni wembamba! Mizigo yote ya chama hiki inapita kwenye uzi mmoja, inasukumana, inakanyagana, na bei inafika imevunjika miguu. Mimi nitavuta nyaya nyingine tatu. Nitazilaza pamoja na ule wa kale. Kisha nitazifunga fungu moja, kwa maarifa yaliyomo ndani ya swichi, hata swichi zenyewe ziamini kwamba zile nne ni njia moja pana. Mizigo itagawana njia. Na mmoja ukikatika, tatu zitakazobaki zitabeba, wala ninyi hamtajua."

"Maneno ya dukani hayo," akasema Mzee Tamimu.

"Mwaka jana waya huohuo mmoja ulitosha," akasema Katibu.

"Mwaka jana hukuwa na mpira ghalani," akajibu Mzee Tamimu, bila kumtazama.

Mudrick akauchomoa ufunguo wa kabati kiunoni, akaupiga juu ya meza kama mtu anayepiga dume la karata.

"Huu hapa! Ukae kwako, Bi Mwenyekiti. Skrini ikisimama siku ya mnada, msinirudishie. Mpeni mwingine. Mimi nitarudi Bungu kubandika vioo, na mtu asiniite tena Injinia hadi siku ninaingia kaburini."

"Kwani sasa hivi anakuita nani?" aliuliza Sikudhani, akimmiminia chai.

Ukumbi ukacheka. Katibu peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama ule ufunguo kwa macho ya mtu ambaye mpwa wake amekaa nyumbani siku nyingi na cheti chake.

Bi Mwanahalima akauchukua, akaufunga kwenye pindo la kanga. "Nimesikia," alisema. "Na wengine mmesikia. Kabati nitakufungulia mwenyewe ufanye kazi. Ufunguo nitakupa mnada ukiisha, au sitakupa."

Basi tuseme jinsi shujaa alivyojivika silaha.

Siku moja kabla ya mnada, jua likiwa limeshapanda, Mudrick alifika juu ya farasi wake, pikipiki iliyofungwa taa ya mbele kwa mpira wa baiskeli. Kichwani kavaa kofia ngumu ya wajenzi wa maghorofa, ingawa ghala letu unaweza kugusa bati ukiwa umesimama juu ya debe. Mikononi glovu. Begani mzunguko wa waya wa buluu, mpya, unaong'aa kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Akaomba ngazi. Akaomba mtu wa kuishika ngazi, na aliyeishika ni mimi, kwa hiyo asije mtu hapa akanisahihisha.

Akapanda. Akafika kwenye bomba la plastiki, akatia mkono ili aanze kupitisha nyaya, na humo ndani akakutana na jeshi la kwanza: nyigu. Walikuwa wamejenga. Walitoka kwa safu, na shujaa wetu alishuka ngazi nzima bila kutumia hata kipandio kimoja. Akaomba moshi. Sikudhani akaleta kigae cha makaa na vifuu, nyigu wakahama kwa matusi, na Mudrick akapanda tena huku sikio moja limevimba kama andazi.

"Hivi ndivyo vita," aliniambia kutoka juu.

"Pitisha waya, bwana," nikamwambia. "Mikono inauma."

Akapitisha. Akabana vichwa vya nyaya kwa koleo lake, kimoja baada ya kingine, akitangaza kila kimoja kama mtu anayehesabu vichwa vya maadui. Kisha, badala ya kuziambia kwanza zile swichi kwamba nyaya nne ni kitu kimoja, kwa haraka ya kutaka sifa, akazichomeka zote kwanza. Huku zote, na kule zote.

Sasa elewa kilichotokea, maana ni rahisi na kinatia hasira. Swichi haikuambiwa kitu. Iliona njia nne, ikadhani ni za watu wanne. Ofisi ikatoa tangazo dogo, lile la kuuliza mashine fulani iko wapi, likaenda ukumbini kwa waya wa kwanza. Ukumbi ukalipokea, ukalipeleka kwa wote, na likarudi ofisini kwa waya wa pili. Ofisi ikalipokea kama habari mpya, ikalipeleka tena kwa wa tatu. Ni kama umbea wa mtaani: unamwambia jirani, jirani anamwambia wifi yako, wifi anakuletea wewe, na wewe, kwa kukosa akili, unasema, "Kumbe! Ngoja nikamwambie jirani." Likazunguka, likazaana. Vitaa vikaanza kuwakawaka kama macho ya mtu aliyepagawa. Kufumba na kufumbua mashine zote zikakata pumzi. Mizani ghalani ikaacha kutuma. Kamera zikafa. Na kutoka ghalani ukasikika ukelele wa mtu aliyefiwa.

Alikuwa Katibu. Mpira ulikuwa umefika kwenye penalti.

"Injinia!" Alikuja mbio uwanjani, kalamu zikimruka mfukoni. "Umeua mtandao! Mnada kesho, wewe umeua mtandao! Bi Mwenyekiti, huyu atoke leo leo!"

"Mnada ni kesho," akasema Bi Mwanahalima kutoka kivulini. "Ametuahidi kesho. Leo mwache afe taratibu."

Mudrick akachomoa nyaya zote. Akakaa chini mbele ya kabati la ukumbini, kompyuta mapajani, akafungua ukurasa wa ndani wa swichi, akatengeneza fungu kama ilivyopaswa. Matundu manne ya huku, fungu moja. Akavuka ofisini: matundu manne ya kule, fungu moja. Na hapo swichi ikamuuliza swali. Kwani hizi swichi, kabla hazijakubali kuungana, lazima zisalimiane. Kila moja unaichagulia tabia: ama iwe ya kuanza salamu, ama iwe ya kungoja isalimiwe.

Mtu mwingine wa nchi nyingine angebonyeza tu. Mudrick ni mtu wa kwetu. Alilifikiria jambo hili kwa uzito.

"Swichi hizi," alinieleza, kidole juu, "zimenunuliwa siku moja. Zimetoka boksi moja. Nani mkubwa hapa, nani mdogo? Nikiiambia ya ofisini ianze, nimeidhalilisha ofisi. Nikiiambia ya ukumbini ianze, nimewadhalilisha wakulima. Kila moja na heshima yake. Zote zingoje kusalimiwa."

Nami, Mungu anisamehe, niliona ni busara.

Akachomeka. Tukangoja. Fungu halikufunga. Vitaa vya matundu vikawaka kwa unyonge, lakini hakuna neno lililovuka. Ukumbi ukawa kisiwa. Akachomoa, akachomeka. Akabana upya vichwa vyote. Akabadilisha nyaya. Akazitukana. Akavua kofia, akaivaa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, tukaenda kusali, tukarudi, na swichi mbili zilikuwa bado zimenyamaziana, kila moja imetulia kwenye ukuta wake, inasubiri.

Jasho likamtoka. Sasa hakuwa tena Injinia. Alikuwa mtu wa Bungu aliyeona meza yake ya vioo vya simu inamwita kwa jina, na kile kicheko alichokijua cha wapiga debe wa pale.

Ndipo fundisho likaja, na halikuja kwa mtu mwenye hekima hata kidogo. Lilikuja kwa wapumbavu wawili mlangoni.

Ni kwamba Mzee Tamimu na Katibu Kheri hawaamkiani. Kila mmoja anadai alizaliwa kabla ya mafuriko makubwa ya mto, na mwenzake alizaliwa baada yake. Kwa hiyo kila mmoja anajiona ndiye mkubwa, anayestahili shikamoo. Salamu ya dini huitoa, lakini huitupa hewani, kwa wote waliomo. Shikamoo hakuna anayetangulia. Jioni ile Mzee Tamimu alikuja kuleta ufuta wake wa mwisho, Katibu akawa anatoka, na wakakutana katikati ya mlango wa ukumbi, mlango mwembamba.

Wakasimama.

Mzee Tamimu akaegemea bakora, akatazama dari. Katibu akapanga kalamu zake, akatazama sakafu. Hakuna aliyesema, hakuna aliyepisha. Nyuma ya Mzee Tamimu wapagazi na magunia kichwani wakaanza kuinama shingo. Nyuma ya Katibu yuko Sikudhani na sinia la vikombe.

"Jamani!" akapaza Sikudhani. "Mmoja wenu aseme, tupite! Au semeni wote pamoja, kwani mtapungukiwa nini? Watu wazima mmeganda mlangoni kama vile skrini!"

Mudrick akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta. Akawatazama wale wawili. Akaitazama swichi. Akawatazama tena.

"Ala!" alisema.

Akabonyeza upande wa huku: ianze kusalimia. Akainuka, akatokea mlango wa nyuma kwa kuwa wa mbele ulikuwa na wakubwa, akavuka uwanja mbio, akabonyeza upande wa ofisini: nayo ianze. Zote zianze. Hakuna iliyodhalilika. Na kabla hajavuka kurudi, vitaa vinane, vinne huku na vinne kule, vikatulia, vikaanza kupepesa kwa adabu. Mizani ikazungumza. Kamera zikafumbua macho. Nyaya nne zikawa njia moja.

"Allahu akbar!" Mudrick alikuwa anakuja uwanjani mikono juu. "Zimeamkiana! Sasa ngoja niwaonyeshe, nachomoa mmoja, mtaona tatu zinavyo..."

"Usiguse!" Bi Mwanahalima aliruka kutoka kitini. "Wallahi usiguse tena kitu chochote! Kimepona, kiache!"

Akakatazwa kujaribu. Basi jambo lile kubwa alilotuahidi kikaoni, kwamba mmoja ukikatika hatutajua, likabaki neno tupu, na Mzee Tamimu, ambaye alipita mlangoni hatimaye kwa ubavu bila kumwamkia mtu, akalikumbusha: "Maneno ya dukani."

Ikapambazuka siku ya mnada.

Mnajua tabia ya nchi yetu. Kitu hakijafanya kazi mpaka kiwe kimekatiwa utepe. Choo cha shule kinakatiwa utepe. Bodi ikaalika Mgeni Rasmi, bwana mmoja mwenye cheo ambacho sikitaji na tumbo ambalo halikuhitaji kutajwa, aje kuzindua Njia Kuu ya Mawasiliano, ndivyo walivyoiita. Naye alituma neno mapema kwamba safari hii hakati hewa. Mwaka uliopita, sehemu nyingine, alikata utepe uliofungwa kati ya viti viwili, na kwenye picha akaonekana amezindua viti. Anataka utepe ufungwe kwenye kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni nini? Ni nyaya. Basi Sikudhani akapewa utepe mwekundu, akaufunga pale nyaya nne zinaposhuka ukutani kuingia kwenye kabati la ukumbini. Akaufunga kwa ustadi, ukawa na ua kubwa kama la kitambaa cha bibi harusi, ukazikumbatia nyaya zote.

Mudrick alipouona akapauka.

"Bi Mwenyekiti, pale pabaya."

"Injinia, kazi yako umemaliza. Shughuli ni yetu."

"Lakini mkasi..."

"Kaa chini, Mudrick."

Mgeni Rasmi akachelewa, kama ilivyo sheria. Wanunuzi hawamngoji mtu, mnada ukaanza bila yeye. Ukumbi umejaa, wakulima bega kwa bega, na bei ikaanza kupanda kwenye skrini. Ikapita pale pa aibu pa mnada uliopita. Watu wakavuta pumzi. Ikapanda tena. Hapohapo ikasikika honi, akaingia Mgeni Rasmi na wapambe wake, na mpiga picha mbele anatembea kinyumenyume. Hakuna aliyethubutu kumwambia asubiri. Akaletewa mkasi juu ya sinia. Haukuwa mkasi wa sherehe. Ulikuwa mkasi wa fundi cherehani wa jirani, wa kukatia kaki, unaoweza kukata kidole na kuendelea na safari.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alisema Mgeni Rasmi, "naifungua njia hii, ili wakulima wa Kibiti wasonge mbele!"

Akausukuma mkasi ndani ya ua la utepe, akatabasamu kwa kamera, akabana kwa nguvu zote za cheo chake.

Utepe ukaanguka. Na pamoja nao, mimi niliyekuwa karibu niliona, ukaanguka mkia wa buluu. Alikuwa amekata waya.

Mudrick aliuona. Mkono wake ulikwenda kiunoni, mahali ufunguo ulipokuwa unakaa, ukakuta hapana kitu. Macho yake yakapanda kwenye skrini. Yangu pia. Bei ilisita, kama mtu aliyejikwaa kwenye mzizi. Mzee Tamimu, aliyekuwa mstari wa mbele na bakora tayari, akafumbua kinywa chake kikubwa ili aseme, "Imekufa!"

Bei ikapanda.

Ikapanda tena. Mzee Tamimu akabaki na kinywa wazi, bila kazi ya kukipa. Zile nyaya tatu zilizobaki zilipokea mzigo wa mwenzao bila kikao, bila posho, bila kumuuliza mtu alizaliwa mwaka gani. Na ilipofika bei ambayo wakulima wa mwambao huu walikuwa wameisahau, ukumbi mzima ukasimama: "Tunauza! Tunauza!"

Vigelegele. Mgeni Rasmi akainua mkasi juu kama jambia.

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe! Nilipokata tu, bei ikapanda!"

Wakampigia makofi. Bi Mwanahalima akamvika kanzu. Katibu Kheri akasema kwa sauti kwamba pamoja na mafanikio haya, skrini kubwa zaidi ingeipandisha bei zaidi. Mudrick alikuwa amesimama ameegemea kabati, mkono mmoja nyuma, ameficha kile kipande cha waya kilichokatika. Aseme nini? Aseme kwamba Mgeni Rasmi kaharibu mali ya chama? Ushahidi wa ushindi wake ulikuwa mkononi, na asingeweza kumwonyesha mtu.

Watu walipotawanyika, Bi Mwanahalima alifungua pindo la kanga, akampa ufunguo. Hakusema hongera. Alisema, "Uangalie usipoteze."

Mzee Tamimu alikuwa wa mwisho kutoka. Akasimama mbele ya shujaa, akamkagua kutoka kwenye kofia ngumu mpaka kwenye kandambili.

"Injinia," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Bei imepandishwa na wanunuzi. Njia imefunguliwa na Mgeni. Ruaruke tutaleta tena ufuta. Sasa nikuulize, wewe hasa umefanya nini? Maana nimekaa hapa tangu asubuhi, hakuna kilichotokea."

"Ndiyo hicho, mzee," akasema Mudrick. "Hakuna kilichotokea."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Mlangoni akakutana na Katibu. Wakasimama.

Basi tangazeni, enyi mliosikia. Andikeni katika tarehe za nchi, baada ya vita na kabla ya mafuriko, kwamba palikuwa na mtu wa Bungu, mwenye sikio lililovimba, ambaye siku ya mnada alifanya kisitokee kitu, na hakikutokea. Mkibisha, nendeni ofisini kwa chama. Picha ya Mgeni Rasmi imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, na kila mjumbe akipita huitazama kwa fahari. Sogeeni karibu. Angalieni chini ya mkasi, pembeni mwa utepe mwekundu. Ule mkia wa buluu unaoanguka ndio historia. Kipande chenyewe mnaweza kukigusa pia: Sikudhani amekifungia kifuniko cha birika lake la chai, na anasema kinashika vizuri.